Kaktasi imemaliza malisho Laikipia, kondoo wanakufa, tufanyeje?

Mfugaji_Doldol:
Wafugaji wenzangu habari zenu, naomba msaada juu ya hii kaktasi ya matunda mekundu. Huku Doldol imejaa mpaka njia ya mifugo imebaki ya kupita mmoja mmoja na chini yake hakuna nyasi hata kidogo. Kiangazi kikikaza kondoo na mbuzi wanakula yale matunda, vimiba vidogo kama nywele vinaingia kwa fizi na ulimi, mdomo unavimba, mnyama anashindwa kula anakonda tu mpaka anakufa, wengine macho yanaharibika. Ng'ombe nao wameanza. Vijana wameifyeka kwa panga lakini mvua ikinyesha inatoka nyingi kuliko ya kwanza. Dawa ni gani?

NyasiKwanza:
Pole sana ndugu. Kwanza panga ziwekwe chini, kila kipande kikianguka kinatoa mizizi, kwa hivyo mkifyeka mnapanda. Kama sehemu ina michache ing'oeni na mizizi yake kabla matunda hayajaiva, mfukie kwa shimo refu. Msirundike tu juu ya ardhi maana ina maji yake ndani, inakaa miezi bila kufa. Na mbegu zinapita tumboni mwa ndovu, nyani, ndege, hata ng'ombe wako, kwa hivyo ukisafisha kwako peke yako itarudi tu, lazima mkubaliane na majirani.

MamaManyatta:
Kwa pale imeshafunga kabisa hamtaweza kwa mikono, tafuteni wadudu wa kochinili. Waliletwa Laikipia miaka ya 2010 na wanafanya kazi, nimeona vichaka vikinyauka na kuanguka. Utawajua kwa ile kitu nyeupe kama pamba, ukiponda inatoa rangi nyekundu kama damu. Chukua kipande chenye wadudu ukibanie katikati ya kichaka kizima vigusane, watoto wao watahama wenyewe na wengine upepo utawabeba. Fanyeni kiangazi, mvua kubwa inawaosha. Hawagusi mahindi, maharagwe wala nyasi, wanafyonza kaktasi za jamii hii tu. Ila inataka subira, si dawa ya kupiga leo kesho imekauka.

Mfugaji_Doldol:
Asante sana mama. Sasa tukishawaweka tuendelee kung'oa? Na kuna mtu ameniambia nichome miba nilishe ng'ombe, ni kweli?

MamaManyatta:
Penye wadudu usiguse kabisa, ukiondoa kaktasi umewanyima chakula na wao watakufa kabla hawajaenea. Ng'oa ile michache ya pembeni inayoanza. Kulisha inawezekana wakati wa njaa, choma miba yote iishe, katakata, changanya na nyasi kavu maana yenyewe ni maji tu, ukiwapa peke yake wataharisha. Matunda usiwape.

MzeeWaMalisho:
Wadudu nakubali. Australia kaktasi ilikuwa imefunika zaidi ya hekta milioni 20, wakaleta kiwavi wa nondo kutoka Ajentina miaka ya 1920 na ndani ya muda mfupi ikaanguka sehemu kubwa. Lakini wanangu tuseme ukweli, hii kitu ililetwa na wakoloni kama mmea wa uzio na urembo tu, ikapata nafasi kwa sababu ardhi yetu iko wazi, tumelisha mpaka udongo unaonekana. Ikinyauka mkirudisha mifugo hapohapo, mbegu zilizo chini zitaota tena. Fungeni hiyo sehemu, mvua ikikaribia mwage mbegu za nyasi za huku kama Cenchrus au Eragrostis, mifugo ikae mbali mpaka nyasi ishike na itoe mbegu. Hapo ndipo kazi kubwa iko na hapo ndipo wengi wanachoka, nawaomba sana msichoke.

Mfugaji_Doldol:
Nimeelewa mzee, nitaongea na wenye kundi. Swali la mwisho, kuna ile kaktasi ndefu ya majani makubwa mama yangu amepanda kama ua wa boma, si wadudu wataimaliza?

MamaManyatta:
Hawa waliochaguliwa kwa hii fupi hawastawi vizuri kwa ile ndefu. Ila vipande msichanganye, chukueni kutoka kwa kaktasi ileile mnayotaka kuua.