Mjadala: Fumbo la "lami" lilishinda kihalali?

Mtunzi_Buru: Wadau wa chemshabongo, hii ya kujaza maneno kwenye miraba, tuongee ukweli. Neno tulilopewa lilikuwa LAMI, kila mtu alitungie fumbo. Lililoshinda ni hili: "Mali iliyovurugwa ikatandazwa barabarani (4)", hiyo nne ni idadi ya herufi za jibu. Mimi nasema lilistahili. Vuruga herufi za mali unapata lami, na maana ya jibu iko pale mwisho. Halafu angalia hiyo "i" ya ikatandazwa, inakubaliana na mali na inakubaliana na lami pia, kwa hivyo sarufi haichomi siri. Jibu lingekuwa la ki-vi ungeshalijua kabla hujashika kalamu. Sasa swali: tushike kanuni za Ximenes, yule mtunzi wa chemshabongo wa Uingereza, yaani maana upande mmoja, njia ya kujenga jibu upande wa pili, na hakuna neno la kujazia, ama kila mtu afumbe anavyotaka?

Bibi_Pangani: Lilishinda kwa sababu limegusa mali na barabara, Nairobi ukitaja hivyo viwili pamoja watu wanapiga makofi bila kuhesabu herufi. Langu lilikuwa "Nyoka mrefu kalala Nairobi hadi Mombasa (4)" mkalitupa ati halina mchezo wa herufi. Nyanya zetu walifumba "nyumba yangu haina mlango" na kila mtoto akajibu yai, hakuna Mzungu aliwapa kanuni.

Fundi_wa_Mraba: Dada, mimi kwa hilo la nyoka nilijaza RELI. Herufi nne, imelala Nairobi hadi Mombasa, nani atanikosoa? Kitendawili jibu lake tunalijua tangu utotoni, ndiyo maana yai halina mpinzani. Fumbo jipya lazima lijithibitishe lenyewe, ndiyo kazi ya zile herufi. Lakini nyinyi watu wa Pwani mkiambiwa kuna kanuni mnaona mmenyang'anywa Kiswahili chenu.

Bibi_Pangani: Pwani gani??? Mimi ni wa Pangani hii ya Thika Road, Nairobi, si ile ya pwani ya Tanzania, nimezaliwa hapa, nimesoma hapa. Umesoma jina ukaniundia ukoo. Na hata ningekuwa wa Pwani, wamekukosea nini?

Mwalimu_Kisauni: Mimi sasa ndiye wa Pwani na hilo limenikera. Ndugu Fundi, huku watoto wanacheza kinyume tangu enzi, unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele, mbuzi inakuwa zimbu. Muyaka bin Haji alikuwa anawafumbia watu Mombasa kwa mashairi karne ya 19 ilipokuwa bado changa, na chemshabongo ya kwanza ilitoka gazetini New York 1913. Usituletee Ximenes kama mwenye mchezo.

Fundi_wa_Mraba: Sijasema ni mwenye mchezo mwalimu. Alikuwa mwalimu kama wewe, wa Kilatini na Kigiriki, akitunga kwa gazeti la Observer la London, na Azed aliyemrithi 1972 akaendelea kuwapa wasomaji neno walitungie fumbo, ndicho hiki hiki tunafanya hapa. Na kinyume inahamisha silabi, haivurugi herufi.

Mwalimu_Kisauni: Silabi ndiyo pumzi ya Kiswahili! Kwa nini tuhesabu herufi mojamoja kama Waingereza?

Mtunzi_Buru: Jamani swali lilikuwa lami.

Bibi_Pangani: Ngoja Buru, huyu ameniita mtu asiyejua kanuni, nitamwonyesha najua. "Samaki wamevurugwa na mvua (6)". Jaza.

Fundi_wa_Mraba: MASIKA. Safi sana, hilo ningelipa kura.

Mwalimu_Kisauni: Usilipe. Masika ni majira, mvua ni ya masika. Bibi ametoa maana ya uongo, kwa hizo kanuni zenu limeanguka.

Bibi_Pangani: Mwalimu, mtu akitoka Gikomba ameloa mpaka soksi akasema "masika yameanza" anazungumzia kalenda?

Mwalimu_Kisauni: Anazungumzia majira ambayo yamemloanisha.

Fundi_wa_Mraba: Basi andika "Samaki wamevurugwa Machi hadi Mei", mwalimu atakosa la kusema.

Bibi_Pangani: Na sentensi itakuwa imekufa. Mvua inachafua mto, samaki wanavurugika, mtu anaiona kabla hajahesabu herufi. Miezi inamvuruga samaki vipi? Mimi siibadilishi, pigeni kura ilivyo.