Nadharia ya siasa kwa masafa: moduli imekosea, jaribio linasahihisha kwa moduli hiyohiyo, sisi wa Tanga tumuulize nani?

Wakuu, salaam. Mods, msiuhamishie uzi huu jukwaa la vichekesho, ingawa kuna mahali mtacheka.

Tunasoma nadharia ya siasa kwa masafa, yaani tukiwa mbali na chuo, kwa kutumia moduli, kile kitini cha kozi. Jina la chuo naliacha. Wanaosoma kozi hii wataijua kwa lile jedwali lake: safu ya kwanza jina la mwanafalsafa, ya pili mwaka wa kitabu, ya tatu "mchango wake". Hobbes: mkataba kati ya mtawala na watawaliwa. Locke: mihimili mitatu ya dola. Aristotle: mtetezi wa demokrasia. Machiavelli: lengo huhalalisha njia, 1513. Mistari minne, yote imepinda, na yote inatokea kwenye jaribio la mtandaoni ambalo mashine inasahihisha yenyewe.

Hobbes ndiye aliyedhulumiwa zaidi. Soma Leviathan ya 1651, sura ya 17 na 18. Watu wanaagana wao kwa wao kumwachia mmoja, au baraza, mamlaka yote. Mtawala mwenyewe hayumo kwenye makubaliano. Kwa hiyo hawezi kuambiwa amevunja ahadi, maana hakuahidi kitu. Ukimwingiza ndani ya mkataba, kama jedwali linavyofanya, umewapa raia sababu ya kumng'oa, na hilo ndilo Hobbes alilokuwa akilikwepa, Uingereza ikiwa imetoka kuchinjana kwa miaka. Halafu mtihani wa mwisho unauliza: "Linganisha Hobbes na Locke kuhusu haki ya kuiondoa serikali." Aliyekariri jedwali analinganisha nini? Locke ndiye aliyeikubali haki hiyo, na jedwali limeshamfanya Hobbes awe kama yeye.

Locke naye, sura ya 12 ya Second Treatise, kitabu chake kuhusu serikali, anataja mamlaka ya kutunga sheria, ya kuzitekeleza, na ya kushughulikia vita, amani na mikataba na mataifa mengine. Mahakama haihesabiwi hapo kama mhimili wa peke yake. Bunge, serikali na mahakama kama tunavyozijua ni Montesquieu, katika The Spirit of the Laws ya 1748, kitabu cha 11 sura ya 6. Ukimchagua Montesquieu kwenye jaribio unapata sifuri.

Aristotle aligawa tawala sita, tatu nyoofu na tatu zilizopotoka (Siasa, kitabu cha 3 sura ya 7). Demokrasia aliiweka upande wa zilizopotoka, kwa hoja kwamba ni utawala wa mafukara kwa faida ya mafukara. Unaweza kumkatalia, lakini kwanza aachwe aseme alichosema.

Miaka nayo ni vurugu. Machiavelli aliandika The Prince 1513, kikachapwa 1532, yeye akiwa amekufa tangu 1527. Swali linasema "kilichapishwa", jibu la mashine ni 1513. Ile kauli ya lengo na njia haimo kitabuni kwa maneno hayo. Sura ya 18 inasema watu hutazama matokeo, na hilo ni jambo jingine. Kitabu cha Locke kilitoka mwishoni mwa 1689, jalada likaandikwa 1690. Majibu yote mawili yana haki ya kupita, mashine inajua moja tu.

Darasani makosa haya yangekufa wiki ya kwanza, mtu ananyoosha mkono tu. Aliye Handeni au Kilindi ana moduli na mashine. Semina ya ana kwa ana ipo, hapo mjini, ila mhadhiri anashuka asubuhi na kupanda basi alasiri. Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Yeye kaufanya ratiba ya kazi.

Na moduli yenyewe ni kurasa zilizopigwa picha na kufungwa kuwa PDF ya MB 90. Huwezi kutafuta neno ndani yake, huwezi kunakili sentensi, na kwenye simu kila ukurasa unauvuta kushoto na kulia kama kokoro. Wakati huohuo vitabu vyenyewe vimekwisha hakimiliki na vipo bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni: The Prince kwa maandishi matupu haifiki MB 1, Leviathan nzima haifiki MB 2. Chuo kingeweza kuvituma kwa WhatsApp.

Kinachoudhi kuliko vyote ni mifano. Sura ya mali kwenye moduli inatupa mfano wa Locke wa mtu anayechuma matofaa porini na inaishia hapo. Aya ya 27 ya Second Treatise anasema mtu akichanganya kazi yake na kitu cha asili, kitu hicho kinakuwa chake. Aya ya 28, bila haya, anasema udongo wenye majani aliokata mtumishi wangu ni mali yangu. Huo ni mkonge, wakuu! Manamba, yule kibarua wa mkataba, amekata, mali ya bwana. Ungempa mwanafunzi wa Muheza swali hilo angeandika kurasa sita. Kisha angeendelea na Azimio la Arusha la 1967, mwaka uleule serikali ilipochukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Azimio lina sehemu tano, limeandikwa kwa Kiswahili, kila mtu analisoma bila kamusi. Moduli imelipa aya moja, ukurasa wa mwisho, kwa Kiingereza.

Tunachodai: orodha ya masahihisho ya moduli itolewe, maswali yenye utata yafutwe na alama zirudishwe, na kila wiki itajwe sura ya kusoma kwenye kitabu chenyewe. Nawasilisha.

Jibu #2
Mkuu, hapo kwa Hobbes umemaliza. Ila malalamiko ya jumla hayajibiwi, nimekaa upande wa pili wa meza hiyo. Andika barua pepe moja kwa swali moja: namba ya swali, picha ya skrini, jibu la mashine, kitabu, sura, na sentensi inayolipinga. Mpelekee mwalimu wa kozi, nakala kwa mkuu wa idara, kabla matokeo hayajapitishwa. Yakishapitishwa ni rufaa, na rufaa mara nyingi ina ada.

Jibu #3
Nyongeza kwa wasiopata semina: Yale, chuo kikuu cha Marekani, wameweka bure mihadhara 24 ya utangulizi wa falsafa ya siasa, ya Steven Smith, ilirekodiwa 2006. Pakua sauti tu, video itamaliza bando. Na mkinukuu, msitumie kurasa, kila chapa ina zake. Plato na Aristotle wana namba za pembeni, kama 473d kwa wafalme wanafalsafa kwenye Jamhuri ya Plato, Locke ana aya, Hobbes sura. Mtahini wa karatasi ni binadamu. Akikuta "Leviathan, sura ya 18" pembeni ya hoja, itabidi afungue kitabu kabla ya kukukata.