Nimemaliza riwaya ya paka anayeongea na mashua ya mifupa, sasa nisome nini?

mtoto_wa_kuze
Asalaam aleikum jamani na habari za jioni. Mie si msomaji, nisiwadanganye, kitabu cha mwisho kukimaliza bila kulazimishwa na mtihani hata sikumbuki ni lini. Sasa wiki jana binamu yangu kaniachia kitabu kinaitwa The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber, mtu wa hapa hapa Mombasa, nikakifungua pale Likoni nikingoja feri, nikaingia nacho, tukavuka, watu wakashuka wote mie bado nimeegemea chuma nasoma mpaka nikapigiwa kelele wee kijana unarudi ama unashuka.

Kuna binti wa Kihadhrami, Aisha, babake mvuvi kaenda baharini hajarudi. Basi yeye anaingia kwa mashua ya mifupa (mifupa kweli kweli, si jina) anaenda kumtafuta, na wa kumuonyesha njia ni paka. Paka anaongea! Na si wa katuni, ni paka msomi, maneno yake kama mzee wa barazani aliyekunywa kahawa vikombe vitatu. Huko anakutana na madubwana matatu, la mwisho Baba wa Papa, jina hilo lawatosha zaidi sisemi. Na kunguru wamo, wale wale wetu wa kunyakua mahamri.

Mie nilidhani fantasia ni theluji, mapanga na wafalme wenye ndevu. Kumbe hata hapa kwetu inakaa. Juzi usiku nimetoka kutupa kichwa cha changu, paka wa jirani kakaa mlangoni ananitizama tu, nikamwambia haya sema basi. Akachukua kichwa akaenda zake.

Nipeni kingine kama hiki, na kikiwa cha Kiswahili ndio raha zaidi maana hiki ni cha Kiingereza na kuna kurasa nimezirudia mara tatu.

BintiKibokoni
Hatimaye kuna mtu amekisoma!! Kilitoka 2021, na 2022 kikachukua tuzo ya Ursula K. Le Guin (yule mwandishi wa fantasia wa Marekani), ndio mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, dola 25,000. Nilipowaambia nyumbani kuna msichana wa Mombasa kashinda hela hizo kwa kuandika hadithi ya paka waliniuliza kama nimekula.

Hizo kurasa ulizorudia, hebu zisome kwa sauti huku ukizigeuza Kiswahili kichwani. Mie nilifanya hivyo ikawa kama namsikia bibi yangu, ile ya kukuzungusha kwa mafumbo wee halafu neno moja la kukukata maini. Kiingereza ni nguo tu, ndani mna mtu wa Mvita.

nahodha_nchikavu
Mie ntakuwa mbaya hapa. Baharini kote moto, sikulala. Lakini akisharudi nchi kavu ni maneno, kunguru wanabishana, watu wanataka kumuoza, nikawa nafungua kurasa natafuta dubwana lingine wapi.

BintiKibokoni
@nahodha_nchikavu sasa ushamwambia kila mtu kwamba anarudi, ahsante sana. Na hapo unapopaita maneno ndipo nilipolia mie. Mtu katoka kukabiliana na Baba wa Papa halafu anaambiwa akae atulie aolewe, wewe ungetulia?

nahodha_nchikavu
Samahani ya spoila. Mie ningeolewa nilale, bahari imenichosha 😂

mwalimu_mstaafu
Wanangu, nimewasoma nikacheka. Kijana wa Kuze, cha Kiswahili kipo na ni cha mtu wa Pwani yetu, Katama Mkangi wa Ribe. Tafuta Walenisi, ya 1995. Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo kirukacho angani ili akafie huko, badala ya kufa anafika nchi ya ajabu. Jina la hiyo nchi usilipite mbio, litamke polepole uone limesema nini. Hamna paka, na mahali pengine anahubiri kidogo, lakini Kiswahili chake mwanangu utakitafuna kama kachri za moto.

Halafu rudi nyuma kwa Shaaban Robert wa Tanga, Adili na Nduguze. Ndugu wawili wamegeuzwa manyani na kila usiku sharti Adili awachape viboko, naye ni ndugu yao. Ni kitabu kidogo, kimalize kwa safari mbili za feri, lakini ushuke.

mtoto_wa_kuze
Wale... ni... sisi. Mwalimu! Nimelitamka ndani ya matatu abiria wa kando kasogea.

Walenisi ntaipata wapi? Nimeuliza maduka mawili ya vitabu mjini, la kwanza wananitolea vitabu vya shule, la pili yule jamaa akaniuliza ni dawa ya nini.

mwalimu_mstaafu
Ninayo moja, jalada limeliwa na mchwa lakini ndani nzima. Jumapili baada ya alasiri niko Makadara kwenye viti vya mbao. Wewe niletee huyo paka wako msomi, tubadilishane, na usinikunjie kurasa.

nahodha_nchikavu
Mwalimu mie niandike wa pili. Ntakuja na viazi karai.

BintiKibokoni
Mafuta ya viazi karai na kitabu cha mwalimu?? Kula kwanza, unawe, ndio ushike.