IST ya milioni 14 au niendelee na mwendokasi? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa

#1 Ndala_Nyeusi
Habarini wakuu. Kuna Toyota IST namba D, rangi ya fedha, muuzaji anataka 14 na amenipa mpaka Ijumaa. Kwa sasa naenda kazini kwa boda na mabasi ya mwendokasi, nimechoka kusimama. Ninunue au niendelee hivi hivi? Na ulaji wake wa mafuta ukoje? Natanguliza shukrani.

#2 Kimara_Mwisho
Mleta uzi, unaishi wapi, kazi ni wapi, unaingia saa ngapi? Aliye Sinza na aliye Kibamba hawapewi jibu moja. Ofisini kuna pa kuegesha? Kuna watoto wa kushusha shule? Hiyo 14 ni taslimu au ya mkopo?

#3 FundiNZ
Na IST ipi? NCP60 ni cc 1300. NCP61 ni cc 1500. NCP65 ni 1500 inayovuta magurudumu yote. Hizo tatu ni toleo la kwanza, otomatiki ya kawaida ya gia nne. NCP110 ni toleo la pili, otomatiki ya CVT isiyo na gia za hatua, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Fungua boneti usome kibati, usimsikilize dalali.

#4 Sauti_ya_Stendi
"Mpaka Ijumaa" ya muuzaji gari huwa haina mwezi wala mwaka. Tulia.

#5 Ndala_Nyeusi
Samahani wakuu, niliandika haraka. Naishi Dar, Makabe ndani, boda mpaka Mbezi stendi. Kazi ni Posta, naingia saa 2, natoka saa 11. Maegesho ya ofisini ni ya mabosi. Hakuna mtoto wa kushusha. Taslimu ninayo 5, hizo 9 ni mkopo wa mshahara, makato 321,000 kwa miezi 36. Nauli na boda kwa siku ni 6,000. Kibati kinasema NCP61.

#6 MamaHesabu
Haya, sasa tuna cha kupigia hesabu. Makabe mpaka Posta weka km 25. Kwenda na kurudi 50, siku 22 ni km 1,100 kwa mwezi, bado hujaenda msibani wala sokoni. NCP61 kwenye foleni na AC imewashwa, usitegemee zaidi ya km 10 kwa lita. Hizo ni lita 110. Petroli tuiweke 2,900 (EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, hutoa bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo hesabu hii itazeeka), unapata 319,000.

Ongeza makato. Tayari 640,000, na gari bado halijabadilishwa oili. Usafiri wa sasa ni 132,000.

Bima ndogo (third party) ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa (comprehensive) kwa asilimia 3.5 ya milioni 14 ni 490,000, ukiweka VAT inafika 578,200. Road licence usiiweke, ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo unailipa kituoni bila kujua. Maegesho ya mjini ni ya saa, na wewe utaegesha kwa muda wa saa tisa kila siku.

Na huo mkopo: 321,000 mara 36 ni 11,556,000. Unakopa 9, unarudisha 11 na nusu. Si IST ya 14 tena, ni ya 16 na nusu.

#7 Nyundo
Mama, km 10 kwa lita umemwonea. IST inaenda 14 mpaka 15.

#8 MamaHesabu
Chalinze hadi Moro inaenda. Kimara Stop Over saa 12 na nusu asubuhi, haiendi. Injini inayounguruma imesimama ina km sifuri kwa lita.

#9 Kimara_Mwisho
Nyie mnabishana lita, mimi naangalia saa. Njia ya mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni ipo tangu 2016 na basi halikai foleni na magari mengine. Wewe na IST yako utapanga mstari Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Fire. Barabara pana ya Kimara hadi Kibaha inakufikisha haraka kwenye shingo ya chupa, basi.

Tatizo lako ni kusimama, na kusimama kuna dawa. Asubuhi uwe mlangoni kabla ya saa 12. Dakika 20 za usingizi ndiyo tofauti ya kukaa na kubanwa mlangoni. Jioni usipandie Posta ya Zamani, basi linafika pale limeshajaa. Tembea mpaka Kivukoni linapoanzia, subiri linaloshusha, ingia mlango wa kati na ugeukie nyuma, kwani wengi hukimbilia mbele. Na chaji kadi yako mapema, dirishani asubuhi ndipo muda unapopotelea.

#10 Boxa150
Wote mmesahau jibu lenyewe. Boxer 150. Km 45 kwa lita bila kuibembeleza, kwa hiyo km 50 ni lita moja na kidogo, kama 3,200 kwa siku. Hapo boda ya Makabe imekufa, nauli imekufa. Oili kila km 2,000, cheni kaza iwe na mchezo wa sentimita mbili na nusu hivi katikati, ukiikaza kama waya wa gitaa unaua beringi na sproketi. Taslimu yako ya 5 inatosha na chenji inabaki ya helmeti ya maana na koti la mvua.

#11 Kimara_Mwisho
Na ya hospitali? Kimara hadi Ubungo pikipiki inatembea katikati ya malori na mabasi ya mikoani. Na msije mkamfundisha kupita njia ya mwendokasi. Ni kosa, na basi lile halikwepi, lina kingo kulia na kushoto.

#12 Boxa150
Hakuna aliyesema apite humo.

#13 Sauti_ya_Stendi
Hakuna aliyesema, ila wote wanapita.

#14 FundiNZ
NCP61 ni bahati nzuri, mleta uzi. Nitaeleza kwa nini, maana humu watu wanaandika "IST" kana kwamba ni gari moja.

Chukua NCP110 iliyofikishwa gereji inatetemeka ikianza kuondoka. Mwenyewe alikuwa amebadilisha "hydrolik ya gia" mtaani, akawekewa ile nyekundu ya gia za kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. CVT haina gia za meno za kupanda moja mpaka nne. Ina mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na unashika kwa msuguano tu. Mafuta yake yametengenezwa ili chuma kwa chuma kishikane bila kulana. Ukiweka mafuta mengine, mkanda unateleza. Mwanzoni ni mtetemo kidogo kwenye tuta. Wiki chache baadaye unakanyaga, mshale wa mizunguko unapanda, gari haliongezi mwendo. Kinachoendelea ndani ni kwamba puli zinachanika mistari, na unga wa chuma unazunguka na mafuta mpaka kwenye vali ndogo zinazoongoza presha. Hapo ndipo mtu anapokimbilia kumwaga na kuweka mafuta sahihi. Haisaidii, mistari haijifuti. Lile gari liliishia kubadilishiwa gia nzima kwa mtumba, na ya mtumba nayo ni bahati nasibu kwa sababu hujui aliyekutangulia aliweka nini.

Sasa yako inatumia mafuta ya gia ya T-IV, nayo kijiti chake cha kupimia kipo na maandishi yapo. Ukimwaga kwa bolti ya chini hutoka kama lita tatu tu, nyingine inabaki ndani. Ndiyo maana tunabadilisha mara mbili au tatu kwa kupishana km 1,000 badala ya kusukuma yote kwa presha kwenye gari ambalo halijaguswa miaka kumi.

Siku ya kukagua nenda asubuhi, mwambie asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi nyumbani, kuna kinachofichwa. Fungua mfuniko wa rejeta gari likiwa la baridi: unataka kulanti yenye rangi, si maji ya kutu. Washa, simama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, ringi zimechoka. Kanyaga breki, peleka P, R, N, D: ikichelewa zaidi ya sekunde au ikigonga, toa gharama ya gia kwenye bei. Halafu liache liungurume dakika 20 na AC, uone feni inawaka na kuzima na gari halichemki.

Na uliza moja: thamostati (vali inayozuia kulanti kwenda rejeta mpaka injini ipate joto) ipo? Mafundi wengi wa mtaani gari likichemka wanaing'oa. Gari linaacha kuchemka, mteja anafurahi. Lakini injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi inaendelea kumwaga petroli nyingi, halafu mtu anakuja hapa kuuliza kwa nini IST inakunywa.

#15 Nyundo
Ndiyo zile km 10 za Mama.

#16 MamaHesabu
Hapana, zangu ni za foleni. Zako ni za brosha.

#17 Pugu_Relini
Wakuu, kuna treni ya mjini inayotoka Pugu...

#18 Kimara_Mwisho
Mtu yuko Makabe, wewe unampeleka Pugu. Akifika huko si ashuke tu na SGR mpaka Moro?

#19 Bint_Kawe
Mbona hamjamwuliza ya mvua? Msimbazi ukijaa, Jangwani inafungwa, na mwendokasi haina pa kukwepea. Mwenye gari anapindia Ubungo anashika Mandela, anateremkia Buguruni au anaenda mpaka Tazara na kushika Nyerere.

#20 Boxa150
Yeye na jiji zima. Siku hiyo Mandela inakuwa kituo cha maegesho.

#21 FundiNZ
Na kwa kuwa mvua imetajwa: IST iko chini. Maji yakifika katikati ya tairi usiingie. Injini ikinyonya maji kupitia bomba la hewa, pistoni inakutana na kitu kisichobanika na konektingi rodi inapinda. Ikizimikia ndani ya maji usijaribu kuwasha, hata mara moja. Sukuma, toa plagi zote nne, zungusha bila plagi maji yatoke, angalia filta ya hewa. Wanaoua injini ni wale wa "ngoja nijaribu tena". Na bima ndogo hailipi hilo.

#22 Bint_Kawe
Njia ya kati ipo lakini. Gari Makabe mpaka Mbezi au Kimara, lipaki sehemu ya kulipia yenye mlinzi, panda mwendokasi. Km 8 au 20 kwa siku badala ya 50. Mafuta yanashuka zaidi ya nusu, usiku na wikiendi una gari.

#23 MamaHesabu
Mafuta yanashuka, makato ya 321,000 hayashuki. Na atalipa nauli na maegesho juu yake. Kama ni hivyo atafute gari la 5 taslimu, Vitz ya zamani au Starlet, km chache hizo zinaimudu.

#24 FundiNZ
Gari la 5 leo ni kununua madeni ya mwenzako. Usimwambie mtu hivyo.

#25 MamaHesabu
Na mkopo ni nini, zawadi?

#26 Nyundo
Akiagiza Passo Japani je? cc 996, haiguswi na ushuru wa bidhaa.

#27 MamaHesabu
Wa ujazo wa injini haumgusi. Wa uchakavu unamgusa: gari la miaka 8 mpaka 10 lina asilimia 15, lililozidi 10 lina 30. Juu yake ushuru wa forodha 25 na VAT 18. Aingie kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hata shilingi.

#28 FundiNZ
Na Passo za 2010 kupanda ni CVT. Naanza upya?

#29 Sauti_ya_Stendi
Usianze.

#30 Ndala_Nyeusi
Nimesoma zote wakuu, Mungu awabariki. Muuzaji amepiga simu, ameshuka mpaka 13.2 na Ijumaa imekuwa Jumapili. Nimepita jana jioni kuliona. Boneti ilikuwa ya moto, anasema alitoka dukani. Kijiti cha gia nimekichomoa, mafuta yana rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni kawaida?

#31 FundiNZ
T-IV mpya ni nyekundu. Chai ya rangi iliyokolea au iliyopauka? Paka kwenye karatasi nyeupe, nusa kama inanuka kuungua, weka picha hapa. Injini iwe imeunguruma, lever iko P, usome alama ya HOT.

#32 Nyundo
Na angalia tairi wakati uko hapo. Tarakimu nne mwisho wa namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

#33 Kimara_Mwisho
Angalia na deni la maegesho na faini za trafiki kwa namba ya gari, vinamfuata mwenye kadi. Ukimaliza, kesho saa 12 kasoro nakusubiri Mbezi.

#34 Ndala_Nyeusi
Picha zinagoma kupanda, nitajaribu tena nikifika ofisini. Nipo kwenye mwendokasi, nimesimama.