Msafara wa ubingwa: umalizikie kwenye mkutano wa hadhara, au upite tu?

Mtoa mada
Toronto Raptors, timu ya Kanada, walitwaa ubingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Amerika Kaskazini, tarehe 13 Juni 2019 kwa kuifunga Golden State Warriors michezo 4 kwa 2. Jumatatu ya tarehe 17 wakapandishwa mabasi ya ghorofa yasiyo na paa, kutoka viwanja vya maonyesho vya Exhibition Place hadi Nathan Phillips Square, uwanja wa wazi mbele ya ofisi za jiji. Mabasi yakachelewa saa kadhaa. Hotuba zikiendelea, risasi zikalia: watu 4 wakajeruhiwa, umati ukatimua mbio. Boston, Juni 2024, waliwapitisha mabingwa wao Celtics mitaani hadi Boylston Street wakamaliza hapo, bila jukwaa la hotuba. Nasema mkutano wa mwisho ufutwe. Anayepinga alete hoja.

Mpima Umati
Naunga mkono, na hesabu ni hii. Watu wakijipanga kina cha mita 10 kila upande wa barabara, 3 kwa mita ya mraba, kilomita 1 inabeba 60,000. Kilomita 5 ni 300,000. Toronto ilikadiriwa kuwa na zaidi ya milioni 1. Waliokosa nafasi wanakwenda mwisho wa njia, kwani wanajua mabasi lazima yafike pale. Uwanja unajaa tangu alfajiri, hakuna anayekubali kutoka, na kila saa ya kuchelewa inaongeza wengine.

Wakifika 6 kwa mita ya mraba, umati unayumba kama maji. Aliye katikati hachagui tena pa kukanyaga. Kinachoua hapo mara nyingi si kukanyagwa: kifua kinabanwa hadi hakitanuki, mtu anakosa pumzi akiwa bado wima.

Fundi Jukwaa
Mkuu, hesabu sina ubishi nayo, hitimisho ndilo silikubali. Ukifuta mkutano hujafuta umati. Shabiki atakwenda nje ya ukumbi wa timu, mahali ambapo hakuna choo, maji wala machela.

Tuanze na kuchelewa. Toronto watu waliingia barabarani, kama walivyofanya Cleveland kwenye msafara wa ubingwa wa timu yao mwaka 2016, na basi likizungukwa na watu linatambaa. Dawa ni uzio. Kipande cha chuma cha mita 2.5 kinahitajika mara 400 kwa kilomita, kwa upande mmoja. Pande mbili ni 800, na njia ya kilomita 5 inataka 4,000. Vishikane kwa ndoano, maana kipande kimoja kikiachia, mlolongo wote unafunguka. Mbele ya jukwaa msiviweke hivyo kamwe, vitalala chini. Pale unawekwa uzio wenye bamba sakafuni ambalo watu wa mstari wa mbele wanalikanyaga, hivyo uzito wao wenyewe ndio unaoushikilia.

Huduma ya Kwanza
Wote wawili mnazungumzia kuingia. Uwanja unapimwa kwa milango ya kutokea. Gaweni umati kwenye vyumba vya uzio, na katikati yake muache njia tupu inayopitisha gari la wagonjwa. Ikishajaa watu, hamtaipata tena siku hiyo. Milango ifunguke kuelekea nje.

Halafu sauti. Toronto, risasi zilipolia, mtangazaji Matt Devlin alibaki jukwaani akiwaomba watu watulie, na hilo lilisaidia sana. Jiji lisitegemee ujasiri wa mtu mmoja. Anayeshika kipaza sauti awe na maneno yaliyoandikwa tayari, mafupi, yanayotaja upande wa kutokea, na spika ziwe na umeme wa akiba.

Mtoa mada
Nalegeza msimamo, lakini kwa sharti: mkutano uwe ndani ya ukumbi, kwa tiketi za bure za bahati nasibu, siku tofauti na msafara. Mlango unahesabu, ukijaa unafungwa.

Mpima Umati
Siku tofauti, sawa kabisa. Tiketi bado zina tundu: wasiopata watakuja kusimama mlangoni, na mlango ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Labda skrini kubwa ziwekwe kwenye viwanja vitatu au vinne mbali na ukumbi, na zitangazwe kabla ya tiketi kutoka, si baada.

Fundi Jukwaa
Na kila skrini iwe na uzio na milango yake. Vinginevyo mmerudia msongamano wa Nathan Phillips Square mara nne.