Nataka kuacha lami: Karura, Arboretum na kando ya mito Nairobi, nianzie wapi?

mkimbiaji_parklands

Wadau, habari za jioni. Nakimbia kilomita 10 za lami mara tatu kwa wiki, kwa dakika 62 hivi, nikitokea Parklands. Siku mbili kati ya hizo nataka ziwe za udongo. Msitu wa Karura niingilie lango gani, na nizunguke vipi bila kupotea? Mvua zikianza, ule udongo mwekundu unaendewaje? Raba za lami zitatosha au nitafute nyingine? Na je, katikati ya mji kuna njia ya kando ya mto inayokimbilika?

njia_ya_mbega

Karibu msituni, ndugu. Ingilia lango la Limuru Road. Hapo unaingia sehemu kubwa ya msitu. Kipande cha Sigiria kiko ng'ambo ya barabara hiyo, kwa hiyo usivichanganye unapopanga umbali. Msitu wote unazidi hekta 1,000, na njia zake zinapita kilomita 50. Kupotea kunawezekana, lakini shika jambo moja: mito ya humo inatoka upande wa Limuru Road kwenda upande wa Kiambu Road. Ukifuata maji yanakoelekea unakaribia Kiambu Road. Ukienda kinyume chake unarudi ulikoingilia.

Njiapanda zina vigingi vyenye namba. Piga picha ramani ya langoni, chagua namba tano au sita za mzunguko wako, uziandike kwa kalamu nyuma ya kiganja. Hiyo inashinda saa ya GPS, maana bondeni chini ya miti mirefu saa hupoteza satelaiti na kukuonyesha kasi isiyo yako.

Halafu soma miinuko. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi. Njia inayoandamana na mto ni karibu tambarare, inayokatiza mito inakushusha na kukupandisha kila baada ya dakika chache. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza baki kwenye barabara pana za murram (changarawe nyekundu), wiki ya tatu ndipo uteremke kwenye njia nyembamba za mtoni, kuelekea maporomoko na mapango waliyojificha Mau Mau. Kushuka maporomokoni, tembea.

Usipime kwa kilomita. Dakika zako 6 na sekunde 12 kwa kilomita zitakuwa 7 au 7 na nusu huku, na jasho ni lilelile. Kimbia dakika 50, geuka kwenye ya 25. Na panga uwe umetoka kabla ya saa kumi na mbili jioni. Chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani.

soli_na_tope

Nijibu la udongo na viatu, kwa sababu hapo ndipo wengi huumia.

Udongo mwekundu wa Nairobi ni mfinyanzi, na una hali tatu. Ukikauka kabisa ni mgumu kama sakafu, una vumbi juu, na raba za lami zinatosha. Mvua ikinyesha saa hiyohiyo, tabaka jembamba la juu linalainika huku chini pakiwa pagumu: hiyo ni sabuni, na hakuna kiatu kinachoitibu vizuri kwenye mteremko. Ukianza kukauka unanata, kila hatua soli inaongeza tope mpaka kiatu kinakuwa kizito na meno yanafichika. Hali ya tatu ndiyo inayotaka kiatu cha porini: meno ya milimita 4 hadi 5, yaliyoachana, ili tope lidondoke. Meno mafupi yaliyobanana hujaa na kuwa kipara ndani ya dakika chache.

Ukinunua mtumba Gikomba au Toi, geuza kiatu kwanza utazame meno chini ya kidole gumba. Hapo ndipo huisha mapema. Bonyeza soli ya kati kwa kidole: ikiwa ngumu na ina mikunjo mingi ya pembeni, imekufa hata kama juu panang'aa. Pinda kiatu, angalia kama gundi imeachia mbele. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi kwa kuteremka. Funga kamba hadi tundu la mwisho ili kisigino kisicheze.

Tope lisugue likishakauka. Usianike viatu karibu na jiko, gundi inaachia.

Baada ya mvua kubwa subiri siku moja, au kaa katikati ya barabara ya murram palipoinuka. Tazama siafu pia: hukatiza njia kwa mistari minene baada ya mvua. Ruka mstari, usisimame kufunga kamba hapo. Na ndizi yako iweke ndani ya mfuko. Kima wanajua mkono uliobeba chakula.

kirichwa_kubwa

Kwa siku ya katikati ya wiki, Arboretum, bustani ya miti. Ni ya mwaka 1907, ni takriban hekta 30 tu, kwa hiyo ukitaka umbali utazunguka mpaka uchoke. Uzuri wake ni mteremko unaoshuka kuelekea mto Kirichwa Kubwa: panda kwa nguvu sekunde 45, shuka ukitembea, mara 6. Mizizi ya miti imetokeza juu ya udongo, basi macho yawe mita tatu mbele, hatua fupi.

Michuki Park, kando ya mto Nairobi, ni fupi. Ifanye sehemu ya kupasha misuli, si mazoezi kamili. Maji ya mto huo yana taka za vyoo. Usiyakanyage, na ukijikwaruza karibu nayo, osha kidonda kwa sabuni siku hiyohiyo.

Mito yetu hujaa ghafla. Mvua inanyesha juu, Limuru na Kikuyu, huku mjini jua linawaka. Ukiona maji yamebadilika rangi na yanabeba matawi, panda ukingoni wakati huohuo. Usivuke.

njia_ya_mbega

Naongeza kidogo: Jumamosi na Jumapili njia ya maporomokoni hujaa familia na baiskeli kuanzia saa tatu. Fika langoni saa kumi na mbili asubuhi, au hamia Sigiria. Spika ya sikio moja tu, baiskeli hutokea kwenye kona bila kengele.

mkimbiaji_parklands

Shukran sana. Jumamosi hii naanza Sigiria, dakika 40 za murram, na raba zangu za lami kama hakujanyesha.

soli_na_tope

Sawa, lakini ikinyesha Ijumaa usiku, ahirisha hadi Jumapili.