Kishindilio cha kiko: mpingo mtupu, au mpingo wenye kitako cha shaba?

Mkereza wa Mikindani
Habari zenu wanajukwaa. Ninakereza vitu vidogo vya mti, na sasa nimekusudia kutengeneza vishindilio vya kiko, yaani vile vijiti vya kushindilia tumbaku, niviuze kwa bei ambayo mvutaji wa kawaida anaimudu. Naweza kukereza kipande kizima cha mpingo, au mpini wa mpingo niupachike kitako cha shaba. Mwenye shaba ananisubiri hadi Ijumaa. Mnanishauri lipi?

Bibi wa Newala
Swali lako limekuja nusu, mwanangu. Unamuuzia nani? Mti unautoa wapi, na ni mkavu au mbichi? Kitako kina upana gani? Tukijibu bila kuyajua hayo tutakuwa tunakubahatishia.

Mkereza wa Mikindani
Shikamoo bibi. Wanunuzi ni wageni wanaofika huku, pamoja na wachache wa Ujerumani na Uingereza walioniandikia. Mti ni mabaki ninayonunua kwa wachonga vinyago. Kitako nimekipangia milimita 20.

Korosho Masasi
Milimita 20 ni kubwa mno, kaka. Matundu ya viko vingi yana upana wa milimita 18 hadi 22, tena hupungua kadiri yanavyoshuka, kwa hiyo chako kitakwama kwenye mdomo wa tundu. Shika 13 hadi 15. Kuhusu mti, mimi ni wa mpingo mtupu. Ni mti mzito unaozama majini, haushiki moto upesi, na kitako kikiungua kidogo mwenyewe atakipitisha msasa. Shaba itakuongezea gharama na kazi, na ile bei nafuu unayoitaka itakuponyoka.

Fundi wa Lindi
Naunga mkono mpingo mtupu, na sababu yangu imenigharimu. Nilinunua magogo mafupi kwa mfanyabiashara aliyeniapia kwamba yamekaa chini ya paa mwaka mzima. Nikatengeneza mipini ya visu vya kufungulia barua, kila mmoja ukiwa na pete ya shaba iliyobana na moyo wa shaba ndani yake, na mzigo ukaenda kwa mwenye duka Ujerumani. Hapa Lindi mipini ilikuwa safi kabisa. Kule majira ya baridi yakaingia, nyumba zikapashwa moto, hewa ikakauka, na ule unyevu uliobaki ndani ya mti ukatoka. Mti ukasinyaa huku shaba iliyo ndani yake haisinyai, basi ukapasuka kwa urefu kuanzia kwenye pete. Picha aliyonitumia ilionyesha ufa unaopitisha ukucha. Nilimrudishia fedha zote, na yule aliyeniuzia magogo hakupokea tena simu yangu.

Korosho Masasi
Pole sana, fundi, ila hapo kosa ni la unyevu, si la shaba. Mpingo mbichi hupasuka hata bila chuma ndani. Paka nta kwenye ncha zake, kwa kuwa ndiko unakokauka haraka na ndiko nyufa huanzia, kisha upime uzito kila wiki mpaka uache kupungua.

Fundi wa Lindi
Sikatai, lakini shaba huukuza ufa ambao mti peke yake ungeuvumilia.

Bibi wa Newala
Mnabishania kitako wakati anayelipa hutazama kichwa, ile ncha ya juu ya kishindilio. Vile vya chuma vyenye vifaa vitatu kwa pamoja vinapatikana Ulaya kwa bei ndogo sana, na kijana huyu hawezi kushindana navyo. Kichwa chenye sura ya Kimakonde hawana.

Korosho Masasi
Kwa heshima zote bibi, sura moja inaweza kula siku nzima ya mchongaji. Bei nafuu itatoka wapi?

Mdau wa Misitu, Kilwa
Jamani, msisahau karatasi. Mpingo umo tangu 2017 katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Mwishoni mwa 2019 bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja ziliondolewa katika sharti la kibali cha CITES, na vishindilio vyako vitaangukia humo. Hata hivyo, taratibu za TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, za hapa nyumbani zingali palepale, kwa hiyo omba risiti ya kila furushi la mabaki. Mnunuzi akitaka uthibitisho wa chanzo, huku Kilwa vipo vijiji ambavyo misitu yake ilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009. Tena vaa barakoa, maana vumbi la mpingo huwasha ngozi na kifua.

Mkereza wa Mikindani
Ahsanteni sana. Mabaki yangu sijawahi kuyapima uzito, na risiti ninazo chache. Nitamwomba mwenye shaba anikatie vipande vichache tu vya milimita 14, nivifunge kwa kijiti chembamba cha katikati bila pete. Bibi, mchongaji wa huko kwenu Newala anaweza kuchonga sura ya urefu wa sentimita mbili?

Bibi wa Newala
Marahaba, mwanangu. Anaweza, ila mpelekee mti mweusi wa ndani. Ule mweupe wa pembeni hataki kuuona.

Korosho Masasi
Mimi ningeuacha mweupe kidogo shingoni, unapendeza.

Fundi wa Lindi
Huo mweupe ndio unaoliwa na wadudu.